Nimesajili BRELA, China nako vipi? Maswali yenu kuhusu alama za biashara nje ya nchi

Wiki hii inboksi imejaa maswali ya alama za biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa yako, hasa nyie mnaouza nje au mzigo wenu unatengenezwa nje. Nimechukua matano, wengine mnivumilie.

SWALI: Nina brandi yangu ya mabegi, nimesajili BRELA mwaka juzi na cheti ninacho, kiwanda kinanitengenezea Guangzhou. Si niko salama? (Mama Mabegi, Kariakoo)

Hapana mama yangu, na usinikasirikie. Cheti cha BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, kinaishia Tanzania Bara, hata Unguja hakifiki, kule wana ofisi yao BPRA na unasajili upya. Sasa kama kimeshindwa kuvuka kwa boti ya mwendo wa saa mbili, China kitafikaje?

China anayewahi kupeleka maombi ndiye anayehesabiwa mwenye jina, suala la nani alianza kuuza halina uzito sana. Kwa hiyo kiwanda chenyewe, au yule wakala aliyekuzungusha viwandani, anaweza akasajili jina lako, halafu siku mmekosana bei anaiandikisha alama hiyo forodha na kontena lako linazuiwa bandarini, maana forodha ya China inakagua hadi mzigo unaotoka. Mabegi umelipia wewe, jina umebuni wewe, na huwezi kuyatoa. Na usiseme mimi mdogo nani ataniona, wakubwa nao yamewakuta: Apple mwaka 2012 walilipa dola milioni 60 kwa kampuni ya Proview kumaliza ugomvi wa jina iPad kule kule China. Michael Jordan naye alizungushwa mahakamani miaka kibao kisa jina lake kwa herufi za Kichina, mpaka 2016 Mahakama ya Juu ya huko ikampa ushindi, tena wa sehemu tu.

Ungeniuliza ndani ya miezi sita tangu upeleke maombi BRELA, Mkataba wa Paris (wa alama na uvumbuzi, si ule wa tabianchi) ungekusaidia, China wangehesabu tarehe yako ya Dar. Mwaka juzi imeshapita hiyo, unaanza na tarehe ya leo, ndio maana nasema usingoje kesho. Tafuta wakala wa huko, mgeni asiye na makazi China hapokelewi akienda mwenyewe. Bidhaa na huduma zimegawanywa madaraja 45, mabegi ni daraja la 18, nguo la 25, na China wanaligawa kila daraja vikundi vidogo vidogo, sasa ukilinda begi la mkononi usidhani umelinda kila kilichomo kwenye daraja hilo. Na jina la Kichina sajili pia, wateja wa huko watakubatizia tu usipojipa mwenyewe.

SWALI: Niko Minnesota natengeneza achari na pilipili ya chupa, nataka kusajili jina "Pilipili Kali". Na mbona Disney walisajili Hakuna Matata, lugha yetu wanaimilikije?

Dada, hilo jina watalikataa. Watu wanadhani Mmarekani hajui Kiswahili kwa hiyo litapita, lakini fomu ya USPTO, ofisi ya alama ya Marekani, inakutaka uweke tafsiri ya neno la lugha nyingine, na ukishaandika maana yake mkaguzi anaona umetaja bidhaa yenyewe. Pilipili kali kwenye chupa ya pilipili kali! Jina la namna hiyo kila muuzaji ana haki ya kulitumia. Ungeita "Bibi Kizee" hapo tungeongea.

Disney waliomba 1994 filamu yao ya The Lion King ilipotoka, wakapata usajili 2003, kwa fulana. Hawakununua lugha, na bibi yako akisema hakuna matata hadaiwi kitu. Ila ukichapa maneno hayo kwenye fulana ukauza Marekani usajili huo ukiwa hai, ndio unaingia kwenye eneo lao. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walisaini kulalamika, na kiukweli mimi pia lilinikera, sheria iliruhusu lakini lilinikera.

SWALI: Nimesajili jina US mwaka 2019, sasa nimeletewa barua nilipe dola elfu na kitu la sivyo alama inafutwa. Ni kweli?

Kaka usilipe kwanza. Majina na anwani za waombaji ziko wazi kwa kila mtu, matapeli wanazichota wanatuma barua zenye nembo ya tai na mihuri. Barua pepe ya kweli ya ofisi inaishia uspto.gov, na hali ya alama yako unaitazama bure kwenye tovuti yao.

Lakini pia usilale. Marekani kati ya mwaka wa 5 na wa 6 tangu usajili unatakiwa uape kwamba bado unatumia alama, wa kwako wa 2019 ulianguka 2024 hadi 2025, halafu kuna miezi sita ya ziada kwa faini. Ada ni dola 325 kwa kila daraja tangu Januari 2025. Fungua tovuti leo uangalie kama bado uko hai. Baada ya hapo ni kila miaka kumi ikihesabiwa tangu usajili, na kila mara wanataka picha ya alama ikiwa kazini. Mteja wangu mmoja aliwatumia logo tupu, safi, imekaa kwenye karatasi nyeupe, ikakataliwa, ikabidi akimbie dukani kupiga picha chupa yenye lebo iko shelfu na bei inaonekana, hiyo wakaipokea. Mwingine alibadili imeli bila kuwaambia, ukumbusho ukawa unaenda kwenye imeli iliyokufa, na alama ikafa nayo.

SWALI: Sisi Mombasa tunaweza kuomba nchi nyingi kwa mpigo?

Mnaweza, Kenya imo tangu 1998 kwenye mfumo wa Madrid, wa kuomba nchi nyingi kwa ombi moja, mnaanzia KIPI, ofisi ya alama ya Kenya. Ada ya msingi faranga 653 za Uswisi kwa alama isiyo na rangi, juu yake ada ya kila nchi mnayoitaja. Tahadhari moja tu: miaka mitano ya mwanzo yote inaning'inia kwenye usajili wa Kenya, huo ukianguka na nchi zingine zinaanguka nao.

SWALI: Nauza udi Muscat, nikisajili Oman si na Dubai nimepata?

Hapana. Nchi za Ghuba zina sheria ya pamoja ya alama lakini usajili ni kila nchi na wake, ada yake, na hati yake ya uwakilishi (ya kumruhusu wakala akuombee) ambayo kabla ya kwenda mara nyingi inapita kwa mwanasheria, wizarani, ubalozini. Anza na hiyo hati, foleni ya mihuri ndiyo itakula muda wako.