Valentaini ukiwa edani: yaliyonisaidia na yaliyoniumiza

Shoga yangu, umeuliza utaipitishaje 14 Februari nawe umo edani, yaani ndani ya muda wa kungojea baada ya talaka, talaka moja mkononi, na kazini wenzio wameshakubaliana kuvaa nyekundu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu siku hiyo imeshanikuta mara tatu tangu niachwe.

Mara ya kwanza ilikuwa 2024. Karatasi ya talaka nilipewa mwanzoni mwa Januari, nikarudi kwetu Jang'ombe, hapa Unguja, na mwanangu wa miaka mitano. Mie napika keki za oda, na wiki ile watu wanataka kopa nyekundu tupu. Nilipokea oda 11. Pesa nilizihitaji, na nilidhani mikono ikishughulika moyo utanyamaza. Lakini kila keki ina maneno yake, na maneno unayaandika wewe kwa krimu, herufi moja moja: "Nakupenda mume wangu." Ya saba mkono ulinitetemeka nikaiharibu, nikakwangua, nikaanza tena, nikaiharibu tena. Mama akanipokonya mfuko wa krimu, akaniambia nende nikaoge. Zilizobaki aliziandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande, na hakuna mteja aliyelalamika.

Na nikwambie, nyekundu haikunishughulisha. Kilichoniuma ni jirani kupita jioni na asumini kichwani. Harufu ile ndiyo nyumba yangu niliyoiacha.

Saa nne usiku ukaja ujumbe wa mume aliyeniacha: "Leo nimekukumbuka." Basi, hayo tu. Nikaandika jibu refu, namwambia aje tuzungumze hata usiku ule. Mama alikuwa macho. Akasema, "Kama anakutaka, mlango anaujua na baba yako yupo. Asubuhi ipo."

Hapa nataka unisikilize sana. Talaka yako ni ya rejea. Mpaka twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, zipite (au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, au mpaka ajifungue kama ana mimba), mume anaweza kukurejea bila ndoa mpya wala mahari mapya. Eda ikishatoka, lazima aje kuposa upya, na wewe uridhie. Kwa hivyo Valentaini ya mwanamke aliye edani si sawa na ya yule aliyeachwa miaka mitano nyuma. Yeye akilia, atalia alale. Wewe ukilia, simu ipo karibu na ndoa yenyewe haijafungwa mlango. Unaweza kumwita mtu kwa sababu ya usiku mmoja, mkaamka na ugomvi ule ule uliowaachanisha, na hesabu ya talaka imebaki pale pale: moja imeshatoka, zimebaki mbili. Sisemi msirudiane. Wapo waliorudiana edani wakakaa vizuri, nawajua. Ila mrudiane mchana, wazee wamekaa, na lile lililowavunja limetajwa kwa jina lake.

Sikutuma. Asubuhi hakuja, wala wiki ile. Eda yangu ilimalizika kumi la mwisho la Ramadhani.

Kwa hiyo simu mpe mtu unayemwamini, tangu Magharibi ya siku hiyo mpaka asubuhi. Stetasi za watu zifunge tangu tarehe 13. Na kama mume hakupi matumizi wala pahala pa kukaa wakati huu wa eda, hiyo ni haki yako, usiiombe kama zawadi: nenda Mahakama ya Kadhi, au uwaone wanasheria wanawake wa ZAFELA wakuelekeze.

Mwaka wa pili, 2025, ndio niliokosea. Ilikuwa Ijumaa, na jioni ile tamasha la muziki la Sauti za Busara linafunguliwa Ngome Kongwe, Forodhani hapapitiki. Nikavaa baibui jipya, nikamchukua mtoto, nia yangu watu wanione kuwa mzima. Tumesimama kwenye mishikaki, mtoto akauliza kwa sauti, "Baba yeye anakula na nani leo?" Muuzaji akainamisha macho kwenye makaa. Tukarudi nyumbani hatujala. Niliumia kwa ajili ya mtoto, maana nilimpeleka kwa haja yangu mimi, si yake. Usiende mahali ili uonekane.

Mwaka wa tatu, 2026, iliangukia Jumamosi, Ramadhani ilikuwa mlangoni, watu walikuwa kwenye vunjajungu, zile karamu za kabla ya mfungo. Keki nilizimaliza Ijumaa usiku. Asubuhi tukapanda daladala za 502 mpaka Bububu, wanawake watatu, sote tumeachwa, na watoto saba, sufuria la pilau na mikeka miwili. Mmoja wetu alilia kidogo alipokuwa anakuna nazi ya mchuzi wa pweza. Tukamwacha alie, nazi akaendelea kukuna. Watoto walioga pwani mpaka midomo ikawa myeupe.

Wewe wasema kazini huwezi kukwepa siku hiyo. Basi nenda, vaa rangi yako, na jioni usirudi kwenye chumba kitupu. Mtafute leo shoga mmoja, umwambie mapema aje alale kwenu usiku huo. Usimwambie "tutaonana". Mwambie saa ngapi, na mwambie unapika nini.