Kabla hujaupeleka mradi wako kwenye jumuiya ya programu huria

Wadogo zangu, nakutana sana na vijana waliomaliza SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wengine waliojifundisha wenyewe huko Chake na Wete, Pemba, wana programu nzuri kabisa na swali lao ni moja, vipi nitaipeleka Apache (taasisi inayosimamia programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuzitumia) au kwengine ikubaliwe. Na wote wanaanza kunionesha kodi, yaani code, yale maandishi yanayounda programu. Jamani, wale watu kabla ya kodi wanataka kujua nani ataubeba huo mradi mwakani na mwaka wa pili yake, na kama mwenzio ulieanza nae kapata ajira Dubai kesho, mradi utabaki na nani.

Chukua Apache, maana taratibu zao zimeandikwa vizuri. Taasisi yao ni ya 1999 na tangu 2002 wana Incubator, hapo ndo mradi mpya unapitia kabla haujawa mradi kamili. Unaandika pendekezo, unatafuta mtu wa ndani wa kukusimamia pamoja na walezi wa kukufundisha mambo yao, halafu pendekezo linajadiliwa hadharani kwa barua pepe ndo linapigiwa kura. Kura yenyewe ukiiona mara ya kwanza utashangaa, mtu anajibu +1 na jina lake basi, mwengine 0, mwengine -1 na chini yake kaeleza kwa nini. Inakaa wazi si chini ya saa 72 ili alie California, alie India na wewe ulie Mwanakwerekwe nyote mpate kusoma kwa wakati wenu. Na ukipata -1 usivunjike moyo ukadhani ndo basi, kwenye kukubali mradi wanaangalia wingi, ile -1 ya kuzuia kitu kabisa ni ya mabadiliko ya kodi. Ila isome vizuri, maelezo yake mara nyingi yana faida kuliko +1 zote zilizobaki.

Sasa hili la watu ndo nataka mlishike. Mtu anaekagua mradi wako atafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ataandika git shortlog -sn (git ndo inayoweka kumbukumbu za mabadiliko ya kodi), palepale inamtokea orodha, kila jina na idadi ya mabadiliko aliyofanya. Kama juu pana jina moja lina mia tisa na chini yake wawili wana tatu tatu, kashajua huu mradi ni wa mtu mmoja hata kama ukurasa wako umeandika "timu yetu". Kama majina ni matano lakini wote anwani zao za ofisi moja, hapo pia anaingia wasiwasi, kwa sababu ofisi ikibadilisha mawazo wote watano wanaondoka siku moja. CNCF, taasisi nyengine ya programu huria, wale wanaosimamia Kubernetes ya kuendeshea programu kwenye seva nyingi, kwa muda mrefu wameweka sharti kwamba mradi wa ngazi ya juu uwe na wasimamizi kutoka angalau mashirika mawili.

Msiseme wanatuonea. Yamewakuta. Mwaka 2024 kulitokea jambo la xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mfumo wa kompyuta wa Linux, ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja wa kujitolea na keshachoka, akatokea mtu akajifanya msaidizi, akasaidia kweli kwa miaka mpaka akaaminiwa, kisha akaingiza mlango wa siri. Aliegundua ni Andres Freund, kwa vile aliona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Kwa hiyo mtu akikuuliza mko wangapi, usichukie.

La pili ni leseni, na hapa vijana wengi wanakwama bila kutegemea. Debian, wale wanaotengeneza mfumo mmoja wa Linux, kwao kifurushi kipya cha programu kinakaa foleni kusubiri watu wakague leseni ya mafaili, na si kodi tu, hata fonti, hata picha. Tuseme mmetengeneza programu ya kurekodi karafuu za wakulima na kwenye ukurasa wa mwanzo mmeweka picha ya karafuu mliyoitoa Google, hiyo picha peke yake inatosha kurudishwa. Na laibrari mlizotumia pia, yaani kodi za watu wengine mlizozichukua, Apache hawakubali mradi wao utegemee kitu cha GPL, leseni inayotaka kazi iliyojengwa juu yake nayo itolewe kwa leseni hiyohiyo. Kuna leseni moja ya JSON ina sentensi inayosema programu itumike kwa wema na isitumike kwa uovu, ukisoma unaona maneno mazuri tu, lakini Debian na Apache wote wameikataa, kwa sababu programu huria haimuwekei mtu sharti la matumizi, na nani ataamua uovu ni upi?

Jina nalo lifikirieni mapema. Ukiupeleka mradi Apache, kodi yako hakimiliki inabaki yako, unawapa ruhusa tu, lakini jina linakuwa lao. Ni kama wakf, ukishatoa hurudi kesho kuliomba. OpenOffice mnaikumbuka, ile programu huria ya kazi za ofisi, waliojitenga 2010 iliwabidi watafute jina jipya ndo ikawa LibreOffice, maana jina la zamani lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Oracle, na 2011 Oracle akawapa Apache. Kama jina ni la kampuni yenu mnayotaka kuuzia kazi, kaeni mkubaliane kabla.

Jengine ni tabia yetu ya kuamua mambo kwenye grupu la WhatsApp au barazani baada ya magharibi. Zungumzeni, hakuna anaekatazwa, lakini mkishakubaliana andikeni pahala pa wazi pa mradi, kwa Kiingereza, kwa nini mmechagua hivi na mmeacha vile. Mkaguzi asieijua Pemba lazima aweze kufuata mawazo yenu, na yule kijana wa Nairobi anaetaka kujiunga pia atajuaje?

Na si lazima uanze na Apache. Kama kazi yako ni ya ramani, na huku wengi tumo humo hasa tangu zile droni za Zanzibar Mapping Initiative za 2016 zilizopiga picha visiwa kwa ajili ya ramani, kuna OSGeo, taasisi ya programu huria za ramani ya 2006, ambayo QGIS, programu ya kutengenezea ramani, iko chini yake, na wao wanakagua sana asili ya kodi. Nnavyoona mimi bora uingie kwanza kwenye mradi uliopo, rekebisha hitilafu ndogo, tafsiri, jibu maswali ya watu, wakujue. Siku ukipeleka wako, ujumbe wa mwanzo uwe mfupi: programu inafanya nini, nani anaitumia sasa hivi, nani wanaitunza na wanatoka wapi, leseni gani, na unataka msaada gani kutoka kwao. Wakikataa, waulize nini kikamilike ndo urudi, watakujibu.