Buick "GNX" ya 1987: usilipe kabla ya kuangalia chini ya gari

Ndugu, unauliza utajuaje kama Buick hiyo nyeusi ya Marekani ni GNX kweli au Grand National ya kawaida. Nambari ya chasi haitakusaidia kuzitofautisha, kwa sababu GNX zote 547 zilitoka kiwandani kama Grand National, kisha kampuni za ASC na McLaren zikazibadilisha. Itakuonyesha injini na mwaka tu: alama ya nane iwe 7, yaani V6 ya lita 3.8 yenye turbo, na ya kumi iwe H, yaani 1987.

Ushahidi mzito uko chini. Inua gari utazame difu: GNX ina mkono mrefu wa chuma unaotoka kwenye difu kwenda mbele, pamoja na fito ya Panhard inayozuia ekseli kuyumba pembeni. Waigaji hununua vibati, rimu na matundu ya fenda, lakini kazi hii ya chini wengi huiruka. Kwenye dashibodi pawe na kibati chenye namba ya gari hilo kati ya zile 547 (si nambari ya chasi), na hati zitaje namba hiyohiyo.

Halafu breki. Zima swichi, kanyaga pedali mara kumi, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Pampu ya umeme inayozipa breki presha izime ndani ya sekunde 20. Ikiwaka tena kila ukikanyaga, tufe la kuhifadhi presha limechoka. Usiendeshe gari hata hatua moja kabla tufe hilo halijabadilishwa.

Petroli iwe oktani 91 au zaidi kwa kipimo cha Marekani, yaani takriban 95 kwa kipimo cha RON. Injini ikigonga (petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda) wakati turbo inasukuma hewa, gasketi ya silinda hedi ndiyo hufa kwanza.