Jibu: Je, jimbo linaweza kukataa mazao yaliyobadilishwa vinasaba?
Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama jimbo moja tu la nchi ya Ulaya linaweza kukataa mazao ambayo Umoja wa Ulaya umekwisha kuyaidhinisha. Kwa muda mrefu halikuweza, na kesi inayoonyesha hilo waziwazi ni ya jimbo la Oberösterreich nchini Austria. Jimbo hilo liliandaa sheria ya kupiga marufuku mbegu hizo kwa hoja kwamba mashamba yake ni madogo na yamepakana, na wakulima wa kilimo hai ni wengi kiasi, hivyo chavua ya mahindi ikipeperushwa na upepo ingeingia kwa jirani asiyeitaka. Mwaka 2003 Tume ya Ulaya iliikataa sheria hiyo, ikisema hapakuwa na ushahidi mpya wa kisayansi wala tatizo la jimbo hilo peke yake. Mwaka 2007 rufaa nayo ikatupwa. Kwa maoni yangu hoja ya chavua ilistahili uzito zaidi, kwani anayepoteza soko ni yule jirani.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 ndilo lililobadilisha mambo: nchi wanachama, na hata sehemu zake, ziliruhusiwa kukataa upandaji kwa sababu kama sera ya kilimo au matumizi ya ardhi. Wallonia ya Ubelgiji iliitumia nafasi hiyo, na Scotland pia, ilipokuwa bado ndani ya Umoja. Marufuku hiyo, hata hivyo, haigusi soya inayoagizwa kwa ajili ya mifugo, na huko Aragón, Hispania, wakulima wamepanda mahindi ya MON 810, aina iliyobadilishwa vinasaba, kwa miaka mingi ili kuwazuia viwavi wanaotoboa mabua.