Rais akifariki, jeshi linamtii nani?

SWALI: Hapa Majengo tumebishana sana. Rais akifariki ghafla na wakubwa wakaanza kugombania kiti, nani analiamuru jeshi? Wenzangu wanashikilia kwamba Mkuu wa Majeshi ndiye hushika nchi mpaka mambo yatulie.
Msomaji, Dodoma mjini

JIBU: Wenzako wamekosea. Mkuu wa Majeshi hayumo kabisa kwenye mlolongo wa kurithi urais. Ibara ya 37(5) ya Katiba yetu inamtaja mtu mmoja, Makamu wa Rais, ambaye anaapishwa na kumalizia kipindi kilichobaki. Uamiri Jeshi Mkuu nao hautolewi kando: ibara ya 33(2) imeufunga kwenye kiti cha urais, kwa hiyo anayekula kiapo cha urais anakuwa Amiri Jeshi Mkuu hapohapo.

Ndivyo ilivyokuwa 2021. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi, Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19. Hatua ya pili ilifanyika hapahapa Dodoma. Rais mpya hushauriana na chama chake, kisha hupeleka bungeni jina la Makamu, na jina hilo linahitaji kura zisizopungua asilimia 50 ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Philip Mpango alithibitishwa tarehe 30 Machi, akaapa kesho yake Ikulu ya Chamwino. Kiti cha Makamu kisikae wazi muda mrefu, maana mwenye kiti hicho ndiye mrithi.

SWALI: Kama sheria iko wazi hivyo, mbona kwingine jeshi linaingia? Linapitia wapi?
Msomaji, Manyoni

JIBU: Linapitia kwenye zile saa kati ya kifo na kiapo. Katiba inaweza kuwa imenyooka kabisa, lakini mrithi akizuiwa asifike mahali pa kuapia, haimsaidii kitu.

Tazama Togo. Rais Gnassingbé Eyadéma alifariki tarehe 5 Februari 2005. Kwa mujibu wa katiba yao, Spika Fambaré Natchaba Ouattara ndiye aliyepaswa kukaimu na kuitisha uchaguzi ndani ya siku 60. Alikuwa safarini. Jeshi likafunga mipaka, ndege yake ikaishia Cotonou, nchi jirani ya Benin, na makamanda wakamtangaza Faure, mtoto wa marehemu, kuwa Rais. Kesho yake, Jumapili, Bunge likakutanishwa: Natchaba akavuliwa uspika, Faure akapewa, na sharti la siku 60 likafutwa. Karatasi ziliandikwa baada ya bunduki kuamua. Umoja wa Afrika na jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi zilikataa, Faure akaachia kiti tarehe 25 Februari, kisha akashinda uchaguzi wa Aprili uliofuatiwa na umwagaji damu. Umoja wa Mataifa ulikadiria waliouawa kuwa kati ya 400 na 500. Hayo ndiyo yaliyowapata raia, na yasisahaulike kila mtu anaposema jeshi liingie “kutuliza mambo”.

Sasa tazama jirani zetu Malawi. Rais Bingu wa Mutharika alifariki tarehe 5 Aprili 2012. Makamu wake, Joyce Banda, alikuwa amefukuzwa kwenye chama tawala na kuanzisha chake, lakini umakamu alibaki nao. Baadhi ya mawaziri wakachelewesha tangazo la kifo na kudai kwamba mwenye chama kingine hawezi kurithi. Mkuu wa jeshi, Jenerali Henry Odillo, hakujitafutia kiti wala kumtafutia mtu. Alipeleka askari kulinda nyumba ya Banda, na tarehe 7 Banda akaapishwa. Kwa hiyo kuona askari barabarani hakutoshi kukuambia kinachoendelea. Uliza wanamlinda nani, na huyo ametajwa na katiba au hakutajwa.

Zimbabwe, Novemba 2017, ilikuwa ya aina nyingine, kwani Rais alikuwa hai. Mugabe alimfukuza Makamu wake, Emmerson Mnangagwa, tarehe 6. Alfajiri ya tarehe 15 ofisa mwenye magwanda alisoma tangazo kwenye televisheni ya taifa, akisema haya si mapinduzi. Katiba yao inampa Rais peke yake mamlaka ya kupeleka jeshi kazini. Lakini wanajeshi hawakumwondoa Mugabe siku hiyo. Walisubiri barua yake ya kujiuzulu, ikasomwa bungeni tarehe 21. Sababu ni kwamba tangu Azimio la Lomé la 2000, ambamo viongozi wa Afrika walikubaliana kuyakataa mapinduzi, serikali inayoingia kwa mtutu husimamishwa kwenye Umoja wa Afrika. Barua ile ndiyo iliyokuwa kinga yao.

SWALI: Mume wangu ni askari magereza, na ana kadi ya chama tangu kabla ya ajira. Ina shida?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ina shida. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na tafsiri yake ya mwanajeshi inachukua JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Kupiga kura anaruhusiwa. Arudishe kadi kwenye tawi lake, aombe waandike kwamba wameipokea, na nakala akae nayo. Wewe katazo halikugusi. Kadi yako ni yako.