Bomba, ubao na chupa: kwa anayeanza kutengeneza ala za kugonga

Wengi wanaokuja kujifunza kazi hii hapa Mtwara huhangaika kutafuta kitu cha ajabu kuliko cha mwenzao, ilhali kinachoamua kama kitu kitalia vizuri ni mahali kinapofungwa. Chukua bomba la maji la chuma alilolibakiza fundi, likamate katikati, uligonge: mlio utakatika papo hapo. Lining'inize kwa uzi kwenye asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, yaani sentimita 22 kwa bomba la mita 1, nalo litavuma kwa muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo chuma kinachotetema hakipandi wala hakishuki.

Kwa ubao huhitaji hata hesabu. Waombe wachongaji wa vinyago kipande cha mpingo kilichonyooka na chenye unene sawa, ukilaze juu ya vipande viwili vya sponji, unyunyizie chumvi laini, kisha ugonge katikati polepole mara nyingi. Chembe zitarukaruka na kujikusanya katika mistari miwili inayokatiza upana wa ubao. Toboa matundu ya uzi juu ya mistari hiyo.

Anayetoka kwenye gitaa asikate bomba kwa mazoea ya nyuzi. Uzi ukifupishwa nusu hupanda oktava 1, yaani hadi noti ileile inayofuata kwa juu, lakini bomba la kugonga hupanda oktava 2. Hivyo, ili bomba la sentimita 60 lipande oktava 1, bakiza takribani sentimita 42. Kata refu kidogo, kisha upunguze kwa tupa huku ukisikiliza.

Chupa huzusha ubishi usio na sababu. Ukiigonga, maji yakiongezeka sauti hushuka, kwa kuwa kinachotetema ni kioo kilicholemewa na maji; ukiipuliza, sauti hupanda, kwa kuwa hapo inayotetema ni hewa iliyobaki juu.

Msimu wa korosho ukifika, karibu kila mgeni hutaka kujaza kopo korosho zenye maganda apate kayamba. Sishauri jambo hilo, kwani ganda likipasuka mafuta yake huunguza ngozi. Mbegu kavu za ukwaju ni ngumu na hulia kwa ukali zaidi, mradi usizidishe theluthi ya kopo, kwa sababu zikibanana hazina nafasi ya kugonga ukuta wake.