Uso unang'aa mafuta, mbona unavuta?

SWALI: Nilihamia Dodoma mwezi wa sita kutoka Dar es Salaam. Nikinawa, uso unavuta kama umepakwa gundi, ila ikifika saa sita paji na pua vinang'aa mafuta. Muuza duka kaniambia ngozi yangu ni kavu, nipake mafuta ya nazi. Sasa chunusi zimezidi. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa maelezo yako, ngozi si kavu, imepungukiwa maji. Ngozi kavu ni maumbile: haitoi mafuta ya kutosha, na mwenye nayo hupauka hadi miundi na viwiko. Paji lake haling'ai saa sita wala saa kumi. Ya kwako mafuta inatoa. Maji ndiyo hayakai.

Hakikisha hivi: nawa kwa maji ya uvuguvugu, usipake chochote, subiri nusu saa. Sukuma shavu juu taratibu kwa kidole. Vikitokea vijikunjo vyembamba, kama utando wa maziwa ukiuvuta kwa kijiko, na huku tishu ukiibandika puani inatoka na mafuta, basi ngozi imepungukiwa maji.

Upepo mkavu wa Dodoma umechangia, lakini sisi tunaishuku zaidi sabuni. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, uso una kama 5. Inasomba mafuta yanayozuia maji yasitoke. Ukiona mng'ao unanawa tena, na tatizo linazidi. Mafuta ya nazi hayaongezi maji, na usoni huziba vinyweleo kirahisi.

Nawa mara 2 tu kwa siku, kwa sabuni laini ya maji isiyo na povu jingi. Skrabu na tona (maji ya kufutia uso) yenye spiriti ziweke kando wiki 4. Uso ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika 3, paka losheni nyepesi yenye glisirini, kiasi cha punje mbili za maharage. Glisirini tupu usithubutu: hewa ikiwa kavu, huvuta maji ya ngozi yenyewe. Kunywa maji ni vizuri, ila peke yake hakutaziba panapovuja.

(Wenye miundi iliyopauka kweli: losheni yenye urea (kiambato kinacholainisha ngozi) asilimia 5 hadi 10 baada ya kuoga, kisha vaselini juu.)

Ukiwashwa, ukipasuka au wiki 4 zikipita bila nafuu, muone daktari wa ngozi. Kama kuna krimu ya kung'arisha unayotumia, mtajie bila kuficha. Zenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) hukondesha ngozi.